Sisi Hatuko Hapa

Mwanangu Wawira,

Sauti ya kunde zikianguka ndani ya sufuria tupu imekaa nami mwaka mzima. Ya kwanza hulia kama kengele ndogo. Ya pili vilevile, na ya tatu. Kisha sufuria hufunikwa chini na sauti hulainika, kunde juu ya kunde, mpaka mtu wa kawaida hawezi kuisikia tena. Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni. Nilisikia hata ukucha ukipasua ganda. Halafu vidole vikasimama, na sufuria ilikuwa haijajaa. Nilisikia pumzi ikiingia na sikuisikia ikitoka, nami nikainua mkono kumwonyesha mwenzangu wa kamera kwamba asizime.

Nitakueleza huyo aliyekuwa akimenya kunde ni nani. Sasa hivi, ninapoanza kuandika, wewe uko mlango wa pili kwa Mama Kendi unanyolewa, kwa kuwa shule uliyoitwa haipokei msichana mwenye nywele. Ukuta wetu na wao ni wa mbao tu, na masikio yangu unayajua. Namsikia akikuambia, "Tulia wewe. Nikikata sikio utaenda kidato cha kwanza na moja, halafu mwalimu aseme watu wa mtaa wa Majimbo ndivyo walivyo." Nakusikia ukicheka. Hujacheka hivyo humu ndani wiki hii yote. Jua bado liko juu ya mabati ya nyumba za mbele, na nina muda mpaka akumalize. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi uisome leo, usingoje kufika shule.

Sitaandika juu ya sabuni wala kandambili wala namna ya kuficha ufunguo wa sanduku. Hayo Mama Kendi ameshakufundisha, na cucu yako, mama yangu, ametuma mengine kupitia kwa kila mtu aliyeshuka kutoka kwao. Nataka kukuambia juu ya kesho. Kwa jinsi unavyojua wewe, kesho asubuhi Mwaniki, mkuu wa filamu zetu, atakuja hapa Embu kutoka Nairobi pamoja na Mutwiri wa kamera. Watakupiga picha ukitoka katika nyumba hii na sanduku lako, na mimi nitakuwa kando nimeinua maikrofoni juu ya ufito wake mrefu. Wewe ulikubali. Ni mimi niliyekuomba. Nataka ujue nilivyofika mahali pa kumwomba mtoto wangu jambo kama hilo.

Kazi yangu umeijua zaidi kwa jinsi inavyoniondoa nyumbani. Mara moja tu, ukiwa darasa la tano, uliniuliza tunafanya nini huko, nikakujibu kwamba tunakaa na watu mpaka watusahau. Lilikuwa jibu la kweli. Sisi hatumwulizi mtu maswali mbele ya kamera. Hatumwambii atoke aingie tena kwa sababu jua lilikuwa vibaya. Hatuweki sauti ya bwana fulani kumweleza mtazamaji afikiri nini. Tunakwenda mahali, tunakaa siku nyingi mashine zikiwa zimezimwa, tunakula wanachokula wenyeji, mpaka siku moja mama wa nyumba anapita na ndoo bila kutugeukia, na hapo ndipo tunapoanza. Jambo likitokea, limetokea. Lisipotokea, tunangoja. Mutwiri ni mtu wa Kangeta, wanakolima miraa, naye huanza kuitafuna alasiri ili subira isimwishie. Yeye husema sisi ndio majirani wabaya kuliko wote, tunaona kila kitu na hatusaidii kitu.

Mimi ndiye niliyewapa wenzangu neno la kazi. Mmoja wao akijisahau, akataka kusogeza kiti kilichoziba picha au kumpokea mzee gunia, mimi humwambia polepole, "Sisi hatuko hapa." Nililitunga mwenyewe, ila imani yake niliipata chuo kikuu, katika kusoma kwangu, nikaishika jinsi wengine wanavyoushika ubatizo. Niliona ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa mtu: kumwacha alivyo, usimtie maneno kinywani, usimguse.

Lakini nikikaa hapa na kalamu naona kwamba nilikuwa hivyo hata kabla ya chuo. Ulizaliwa nilipokuwa ndio kwanza nimemaliza kidato cha sita. Baba yako alikuwa ameshahamishiwa Pwani na kazi yake, barua zake zikawa chache, kisha zikaisha, hayo nimekueleza. Ulipoacha kunyonya nilikuacha kwa cucu yako kule juu kwenye kahawa, nikaenda Nairobi kusoma. Niliporudi likizo ya kwanza nilikukuta umeshika leso yake, unamwita yeye mama, na mimi ukanitazama kama mgeni aliyeleta mkate. Sikulia. Nilivuta kiti karibu na mlango nikaangalia jinsi alivyokubeba, jinsi alivyoonja uji kwa mdomo wake kabla ya kukupa, ili nijifunze. Likizo iliisha nikiwa bado naangalia. Cucu yako aliniambia, "Wewe, huyu si kitabu. Mshike. Akishakojolea nguo yako mtajuana." Nilikushika, ukalia, nikakurudisha. Nilijiambia ndivyo ulivyotaka.

Na ile baiskeli ya Kendi unaikumbuka. Ulianguka kwenye changarawe hapo mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, goti likapasuka. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona ukitazama damu, kisha ukageuza kichwa kunitafuta, na uso wako ulikuwa haujaamua kama utalia. Nilisubiri nione utaamua nini. Mama Kendi alinipita mbio na kitambaa mkononi akisema, "Mama Wawira, umepigwa na stima ama nini?" Baadaye nilijipa maelezo kwamba nilikuwa nakuachia nafasi usimame mwenyewe. Haikuwa hivyo. Niliutazama uso wako kwa sababu ulikuwa mzuri kutazama. Hilo sijamwambia mtu yeyote, na ninakuambia wewe kwa sababu nadhani ulijua.

Sasa nije kwa yule wa kunde.

Mwaka jana, katika ile mvua ya El Nino ambayo haikujua kukoma, tulikuwa Gachoka, huko Mbeere. Tulikuwa tukienda na kurudi huko tangu ukame uliotangulia, katika boma la mjane mmoja mwenye mbuzi na mtama na mizinga michache ya nyuki. Anaitwa Mama Marigu, na Marigu ndiye mtoto wake wa kwanza, wa umri kama wako ulivyo sasa. Filamu ilikuwa ya Marigu. Tulimfuata akichota maji, akichunga, akifanya mtihani wa darasa la nane, akipata habari kwamba ameitwa shule ya bweni upande wa Embu. Mbuzi wakauzwa. Sanduku likanunuliwa, la bati, la buluu, na yule anayechora mabango ya duka sokoni akaandika jina lake juu kwa rangi nyeupe. Mwisho wa filamu sote tuliujua: Marigu anaingia kwenye lango la shule na sanduku lake, basi.

Siku ya mwisho ya wanafunzi kuripoti, mto ulikuwa umefurika. Pale barabarani kuna kivuko cha saruji ambacho maji hupita juu yake mvua ikizidi, na asubuhi ile magari ya abiria yalikuwa yamesimama ng'ambo, hakuna dereva aliyethubutu. Marigu alikaa juu ya sanduku lake kando ya barabara, mama yake akasimama karibu, na sisi tukasimama upande wa pili wa barabara na kamera yetu. Alikuwa amevaa sweta mpya ya shule. Jua lilipochomoza kati ya mawingu joto likapanda, lakini hakuivua. Alitazama mto, kisha akatazama gari letu, kisha mto. Alikaa wima sana, mikono magotini. Mutwiri aliniambia baadaye kwamba katika kazi yake yote hajapata uso kama ule.

Gari letu lilikuwa Land Rover kuukuu, refu, na lilikuwa limeshavuka maji ya namna ile mara nyingi. Na mchana ule tulikuwa na safari ya Embu, kwa kuwa betri za kamera zilikuwa karibu kwisha na boma lile halina stima. Barabara ya Embu inapita mbele ya ile shule. Nyuma ya gari kulikuwa na viti vitupu.

Tulipoanza kupakia vyombo, Mutwiri alisema, "Si tumbebe huyu mtoto."

Mwaniki alinitazama mimi.

"Ni hapo tu," Mutwiri akasema. "Tunamshusha langoni, sisi hao, tunaenda zetu."

Nikasema, "Sisi hatuko hapa."

"Mimi niko hapa. Hata viatu vimelowa."

"Ukimbeba, hiyo ni filamu ya msichana aliyebebwa na watu wa filamu. Wale wengine walioachwa na mto leo, Mbeere nzima, watabebwa na nani?"

"Mimi sijaulizwa juu ya Mbeere nzima," Mutwiri akasema. "Nimeona mmoja."

"Amesema ukweli," Mwaniki akasema, akimaanisha mimi. "Panda twende."

Kamera ilikuwa imezimwa tulipokuwa tukisema hayo. Kinasa sauti changu kilikuwa begani na sikuwa nimekizima.

Hakuna aliyetuomba. Mama Marigu alikuja dirishani akatushika mikono mmoja mmoja, akasema Mungu atuvushe salama. Tukaingia majini. Mutwiri alipanda nyuma, na kwa ile betri iliyobaki na uhai kidogo akampiga picha Marigu kupitia kioo cha nyuma. Marigu alikuwa amesimama kutoka kwenye sanduku. Akawa mdogo, akawa sweta tu, kisha barabara ikapinda.

Kesho yake maji yalishuka, akaenda na mama yake. Mwalimu mkuu aliwapokea kwa adabu akawaeleza kwamba nafasi ilikuwa imeshapewa msichana mwingine, ambaye alikuwa akingoja langoni na baba yake tangu wiki ilipoanza. Walirudi na sanduku. Sisi tulikuwa tumesharudi bomani na betri zetu zimejaa. Marigu alivua sweta, akaikunja, akachukua karai la kunde na sufuria, akaenda nyuma ya jiko. Nami nikavaa hedifoni.

Filamu ilikatwa na kuunganishwa Nairobi mwaka mzima, unakumbuka wiki ambazo ulilala kwa Mama Kendi. Kila aliyeiona ile picha ya kioo cha nyuma aliomba kuiona tena. Mtu mmoja aliyetoka mbali kuja kuitazama aliuliza ni nani katika kundi letu aliyekuwa na moyo wa kuacha mambo yaende yenyewe namna ile. Mwaniki akanielekezea kidole. Nilifurahi, Wawira. Nisiache hilo nje ya barua.

Lakini filamu ilikuwa haina mwisho. Marigu akiwa na sufuria, kisha nini? Mwezi uliopita Mwaniki alinitazama kwa muda, kama alivyonitazama siku ya mto, akasema, "Wewe si una msichana anayeenda kidato cha kwanza? Mmoja anabaki, mmoja anaenda. Huo ndio mwisho wetu." Nilisema nitakuuliza. Nilikuuliza ukiwa unaosha vyombo, umenipa mgongo, na nadhani nilichagua wakati huo makusudi. Ulisema, "Sawa." Nikasikia siku zilizofuata ukiwaambia wasichana wa ploti kwamba utaonekana kwenye televisheni, nikatulia.

Kisha Jumamosi. Nilikuwa nimepiga magoti nikiandika jina lako juu ya sanduku, nawe ukaja ukasimama mlangoni ukaniangalia kwa muda.

"Mama, siku hiyo nitalia nikiwa wapi? Hapa ndani, ama huko nje kwa mwangaza?"

Nilikuambia si lazima ulie.

"Lakini nitalia," ukasema. "Nauliza tu ni wapi. Mutwiri siku ile alipokuja alisema hii nyumba iko na giza. Naweza kushikilia mpaka nje."

Uliniuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, ukaenda zako. Nilimaliza herufi nilizokuwa nikiandika. Ukitazama vizuri utaona kwamba zile za mwisho zimepinda.

Naweza kushikilia mpaka nje. Nimelala na neno hilo, nimepika nalo. Nilitafuta ni nani aliyekufundisha, na humu ndani tunaishi wawili.

Jumatatu nilikuambia nina kazi, nikaenda Gachoka. Haikuwa kazi. Ilikuwa mara ya kwanza kufika katika boma lile mikono mitupu. Mama Marigu alikuwa akipepeta mtama, akaniona kutoka mbali, akaanza kucheka kabla sijafika.

"Leo umekuja bila masikio," akasema. Hedifoni zangu ndizo anazoziita hivyo.

"Nimeyaacha nyumbani."

"Basi karibu. Leo utasikia vibaya kama sisi wengine."

Alinipikia chai. Aliuliza habari zako, nikamwambia unaondoka Alhamisi, akasema, "Bwana asifiwe," na alimaanisha. Nilikunywa chai yote. Kisha nikamwuliza kwa nini, ile siku ya mto, hakuniambia nimbebe mtoto.

Alichagua mawe kwenye mtama.

"Mama Wawira, wewe ni mgeni wangu. Umekula hapa mvua na kiangazi. Mtu niliyemlisha, niende dirishani kwake nimwombe gari? Ni kama namwambia alipe ugali." Akatupa jiwe. "Nilisema moyoni, hawa wana gari na wana macho, mtoto wanamwona. Kama hawasemi kitu, basi kazi yao imewakataza. Nisiwaaibishe."

"Kazi haikukataza. Ni mimi niliyekataa."

Hapo aliniangalia. Sikuwa na hedifoni wala ufito, na sikujua niweke mikono wapi.

"Ungesema," akasema hatimaye. "Ungesema tu, Mama Marigu, huyu simbebi. Ningejua. Pale chini kulikuwa na wanaume na kamba, walikuwa wakivusha watu mgongoni asubuhi yote."

Sikuwa nimewaona. Tulikuwa tumeielekeza kamera kwingine.

Marigu alirudi kutoka sokoni, anajifunza cherehani kwa fundi mmoja pale. Amekua, amekuwa mrefu kunishinda. Alikuwa amevaa ile sweta, amefumua beji ya shule, na sweta yenyewe ameishona upya mabegani imtoshe. Mama yake alimwambia tulikuwa tukizungumza nini, kwa Kimbeere, kwa maneno machache. Akacheka kidogo.

"Wale wa kamba walinipitia," akaniambia. "Wakaniuliza, wewe msichana, tukuvushe? Nikawaambia hapana, mimi nina gari."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia alivyopoteza kiatu utotoni. Nina gari. Kwa miaka yote nilidhani kwamba nikikaa kimya vya kutosha basi sipo, na mambo yanakwenda kama yangekwenda bila mimi. Na msichana yule alikuwa amekaa juu ya sanduku lake akitungoja sisi, amekataa kamba kwa sababu yetu, na mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara nikisema hatuko.

Kisha akaniuliza, "Ile picha mliyonipiga mkienda, nilionekana vizuri? Nilisimama wima."

Nikamwambia alionekana vizuri sana. Akatikisa kichwa kukubali, ameridhika, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Nilimwambia mama yake nitaulizia kama kuna shule ya kutwa iliyo karibu ambayo bado ina nafasi. "Ulizia," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hangoji gari lolote. Nimeshaanza kuulizia. Sijui kama Marigu mwenyewe anataka tena, na safari hii nitamwuliza yeye.

Nilirudi Embu nimekaa dirishani. Utashangaa nikikuambia jinsi dunia inavyokuwa mbali bila hedifoni. Kwa muda mrefu zimeniwekea kila kitu ndani ya kichwa, sauti ya mtu aliye upande wa pili wa shamba kama yuko begani pangu, nikadhani huko ndiko kuwa karibu na watu. Nimesikia watu wengi wakipumua. Ni wachache sana waliowahi kunisikia mimi.

Kuanzia kesho jioni nyumba hii itakuwa na sauti zake tu: bati likipoa, redio ya Mama Kendi, maji ya ndoo. Nimeijaribu tayari, nimekaa hapa nikasikiliza jinsi itakavyokuwa. Sikuandikii hili ili unihurumie au uandike kila wiki. Nimekuandikia kwa sababu ulikuwa humu miaka hii yote na mara nyingi niliposema nipo, nilikuwa mlangoni nikitazama.

Shauri sina la kukupa, isipokuwa moja dogo. Huko bwenini, kesho au siku nyingine, utamwona msichana amekaa juu ya sanduku lake. Mwulize anakwenda wapi. Akikujibu kwamba hakuna shida, mwulize tena.

Na sasa lile la kesho. Najua utanikasirikia kidogo, kwa sababu ulishawaambia wasichana wa ploti. Leo mchana, nilipokuambia nakwenda kununua wino, nilikwenda kwenye kibanda cha simu pale posta nikampigia Mwaniki.

"Kesho msije," nikamwambia.

"Kuna nini? Mtoto ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Nitakuwa na shughuli."

"Shughuli gani? Sisi ndio shughuli."

"Nitabeba sanduku."

Alicheka, akangoja nicheke. "Mama Wawira, wacha. Sanduku atabeba Mutwiri. Ama tutafute kijana wa stendi."

"Lina mishikio miwili," nikasema. "Nasi tuko wawili."

Nilisikia kwa nyuma mtu akikohoa, na mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unajua filamu haina mwisho."

"Ina mwisho. Nimekutumia."

Nilimweleza kwamba kuna kanda ya sauti ambayo haikuwahi kufika Nairobi, nilikuwa nimeiweka chini ya godoro langu tangu mwaka jana. Ni ile ya kando ya mto. Mutwiri anasikika, na viatu vyake, na mto kwa nyuma, na mimi nasikika vizuri kuliko wote, nikisema nilichosema. Nilimwambia aiweke chini ya picha ya kioo cha nyuma, tangu mwanzo hadi barabara inapopinda, asikate neno. Marigu na mama yake waisikie wa kwanza, kabla ya mtu yeyote wa Nairobi au wa mbali, na wakikataa, basi.

"Watakuchukia, watu wakisikia," Mwaniki akasema.

"Inawezekana."

"Na filamu inayofuata? Nani atashika sauti?"

Nilimwambia sijui, atafute mtu. Sarafu zikaisha, sijui kama alisikia.

Mama Kendi ananiita sasa hivi kupitia ukutani. "Mama Wawira, njoo uone kichwa. Kumbe huyu mtoto ana kichwa kizuri, tulikuwa tunakificha bure." Nimemjibu naja. Kwenye msumari hapo juu ya kitanda changu, ulipozoea kuona hedifoni, nimetundika sweta yako ili isikunjike. Kanda na hedifoni nilizifunga pamoja kwenye boksi moja nikazipeleka kwa watu wa vifurushi, na gari la alasiri limeshaondoka nazo. Kesho hakuna anayekuja. Ukitaka kulia, lia popote itakapokushika, hata hapa gizani.

Niko hapa,

Mama